Mtu Asiyeulizwa Jina

Jumatatu, 19 Agosti

Amekuja tena. Saa tatu na dakika tano, hata kahawa sijamaliza, kengele ya kaunta ikalia. Nikatoka, na pale amesimama Elof, jirani yangu wa miaka ishirini na sita, kofia mkononi, ananitazama utadhani hatujawahi kuonana.

"Habari za asubuhi, bibi. Naomba kuona karatasi zote zilizoingia halmashauri kuhusu Daraja la Kinu."

"Kuanzia lini mpaka lini?"

"Mwaka jana mwanzo, mpaka Mei mwaka huu."

Sikumwuliza jina. Hairuhusiwi. Mtu akija kuomba karatasi za serikali, msajili hamwulizi yeye ni nani wala anazitakia nini. Kwenye rejista, safu ya mwombaji, naandika "mtu" na kusonga mbele. Nimeandika "mtu" kwa miaka ishirini na tisa, na wengi wao nawajua mpaka jina la mbwa wao. Elof anayo haki ya kuwa mtu, na anaitumia yote. Jana kaniletea uyoga mlangoni na kuniita Majken. Leo naitwa bibi.

Zilikuwa karatasi tatu tu: barua ya kupaka rangi, ratiba ya kuzoa theluji, na malalamiko kuhusu mbwa kujisaidia darajani. Akazisoma zote akiwa amesimama, ile ya mbwa mara mbili.

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna."

Hii ni mara ya tatu tangu Juni namjibu hivyo, kwa mhuri na saini. Akavaa kofia akaondoka. Siku nzima sikutulia. Nimepanga upya kabati ambalo nililipanga Ijumaa.

Nastaafu mwisho wa mwaka. Barua za watu nimezisajili vya kutosha, ndiyo maana nimenunua daftari hili. Acha nisajili na siku zangu.

Jumanne, 20 Agosti

Mvua. Ghorofa ya chini wamefungua makopo ya samaki waliochachushwa na jengo zima linanuka.

Ijumaa, 23 Agosti

Kwenye kahawa ya saa tatu wameanza tena habari ya daraja. Hata Roland, mkurugenzi wetu, alikuwepo, anamega mkate wa mdalasini na kujifanya hasikii.

"Yule Rikard wa Elof, wee! Majira ya baridi yote anavuka na pikipiki ya theluji, anaburuta magogo. Daraja la watu wa miguu!"

"Na baba yake anazunguka kutafuta wa kumtupia lawama."

"Si angalau wangeomba radhi."

Mwezi wa tano, barafu ilipoyeyuka na mto kujaa, Daraja la Kinu lilikatika katikati. Vivan Moberg alikuwa juu yake, anatoka kanisani. Alitolewa majini mzima ila mkono wa kulia, uliobanwa na boriti. Vivan ndiye mpiga kinanda wetu. Alikuwa ndiye.

Baada ya siku tisa halmashauri ikatoa tangazo kwamba hakuna taarifa yoyote ya ubovu wa daraja iliyowahi kupokelewa. Tangazo hilo liliandikwa kutokana na rejista yangu. Basi mji ukabaki na mkosaji mmoja, Rikard, mwenye pikipiki na magogo. Mwezi wa sita mtu alimwandikia neno kwenye kioo cha gari kwa rangi nyekundu, na wiki ile ile akahamia Norwe.

Nesrin, anayejifunza kazi ili ashike nafasi yangu, aliniuliza tulipobaki wawili, "Dada Majken, huyu mzee anatafuta nini?"

"Hatuulizi."

"Simwulizi yeye. Nakuuliza wewe."

"Hata mimi usiniulize."

Akacheka. Nesrin alikuwa karani wa mahakama huko kwao, Qamishli. Anasema kwao ukiomba karatasi wanataka jina lako, la baba yako na la babu yako, halafu wanakwambia urudi Jumamosi, na Jumamosi wamefunga.

Jumatatu, 26 Agosti

Mara ya nne. Safari hii alikuja na maneno yaliyopangwa kwenye kikaratasi.

"Naomba na zile ambazo hazikuandikwa 'daraja'. Labda imeandikwa 'mbao'. Labda 'nguzo'. Labda 'kinu'."

Nikatafuta mbao, nguzo, kinu. Nikatafuta mpaka "njia ya kanisani". Nesrin alisimama nyuma yangu, anajifunza. Hakuna.

"Una hakika, bibi?"

Hapo alinichoma. Mimi ni mwanamke ambaye hata kadi za Krismasi za halmashauri nazigonga mhuri. Nikamjibu kwa ukali kidogo, "Kingekuwepo ningekuwa nacho. Kwangu hakipotei kitu."

"Sawa," akasema. "Basi sitakusumbua tena."

Jioni nilimwona ng'ambo ya barabara anasukuma toroli la kuni. Aliniinulia mkono kama kawaida. Huko nje mimi ni Majken na yeye ni Elof, na neno daraja halipo.

Jumapili, 1 Septemba

Kwaya tumeimba kwa kufuata muziki wa kaseti. Kaseti haijui kutusubiri. Vivan alikaa benchi la nyuma, mkono ndani ya mfuko wa koti.

Jumatatu, 2 Septemba

Msimu wa kulungu umefunguliwa. Jengo zima wamekwenda msituni na bunduki zao na supu zao. Tumebaki mimi, Nesrin na mlinzi mwenye goti bovu.

Alhamisi, 5 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye nyama.

Kila mwaka wiki hii wawindaji wanapokea oda za ofisi: nani anataka kilo ngapi, nani anataka ya kusaga, nani anataka mfupa wa mbwa. Oda zinakuja kwangu kwa sababu kila karatasi ya jengo hili inakuja kwangu, na ninazitia kwenye faili la kijani, kabati la jikoni, juu ya vikombe. Si karatasi za serikali, ni nyama. Leo mlinzi aliniomba niangalie mwaka jana alichukua kilo ngapi, nami nikapanda kiti nikaliteremsha.

Oda za mwaka jana zilikuwa vilevile alivyonipa Evert, zimefungwa kwa uzi wa katani. Evert alikuwa fundi seremala wa halmashauri na kiongozi wa wawindaji. Nilifungua uzi. Ukurasa wa juu, orodha. Chini yake vikaratasi vya oda. Chini kabisa karatasi iliyokunjwa mara nne, penseli, mwandiko wa Evert.

*Kwa Halmashauri. Nimekagua Daraja la Kinu. Nguzo mbili za katikati zimeoza kwa ndani, nyundo inazama. Kwa nje huwezi kuona. Lifungwe kabla barafu haijayeyuka. Evert Ström, fundi. 5 Septemba.*

Leo hii hii, mwaka uliopita.

Nilikaa chini, pale pale sakafuni jikoni. Na kila kitu kikanirudia. Evert kaunta, nguo za msituni, ananuka moshi. Alikuwa mtu wa kusema maneno kumi kwa siku, na nane kati yake aliyatumia kwangu asubuhi ile: "Oda hizi. Humo kuna na jambo jingine. Lisikae." Na mimi nilikuwa nacheka na mtu kwenye simu, nikaziba mdomo wa simu kwa mkono, nikamjibu, "Hakikai kitu kwangu, Evert!" Nikanakili orodha ya juu. Ya chini sikuigeuza.

Evert hakuuliza tena. Kwa nini aulize? Karatasi alishampa Majken. Februari moyo wake ulisimama akiwa anapasua kuni, akafa akiamini jambo lake limesajiliwa.

Mungu wangu. Mara nne nimemwambia Elof hakuna.

Nesrin alinikuta sakafuni. "Umeanguka?"

"Nimekaa."

Aliona karatasi mkononi mwangu, akaniona uso. Hakuuliza. Akanipa mkono nikainuka, akanimiminia maji. Barua nimeifungia kwenye droo yangu. Ufunguo uko mfukoni mwa sweta na kila dakika tano naushika kuona kama upo.

Ijumaa, 6 Septemba

Sikuandika kitu kazini. Sikusajili hata barua moja.

Jumatatu, 9 Septemba

Roland amerudi kutoka msituni, mashavu mekundu, ana furaha, timu yao imeangusha kulungu wanne. Nikamwacha asimulie yule wa pili mpaka mwisho, halafu nikaweka barua mezani.

Aliisoma. Akaigeuza nyuma, akakuta hakuna kitu, akaisoma tena.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye faili la nyama."

"La nyama." Alivua miwani. "Basi ni karatasi ya nyama, Majken."

"Imeandikwa Kwa Halmashauri."

"Imekuja na oda za nyama, imewekwa kwenye faili la nyama, haikusajiliwa. Kwa maana hiyo haikuingia."

"Roland, karatasi ikifika kaunta imeingia. Kosa la kutosajili ni langu, haliifanyi isiingie. Wewe mwenyewe ulikuja kwenye mafunzo yangu ukala keki."

Si mtu mbaya, Roland. "Vivan angekuwa mke wangu, sijui ningefanya nini," alisema, kisha akakumbuka kwamba si mke wake. Alisema tulishawaandikia wakaguzi wa mkoa kwamba taarifa haikuwepo. Alisema Evert amekufa, hawezi kuulizwa. Alisema mimi nimebakiza miezi mitatu na nusu nipewe saa ya ukutani na maua.

"Usiisajili bado. Usiitoe. Niache nifikirie."

"Mpaka lini?"

"Nifikirie, nimesema."

Nikairudisha barua kwenye droo. Niseme ukweli hapa, maana hapa hakuna anayesoma: nilipotoka ofisini kwake nilihisi nafuu. Nilijiambia kwamba nimeagizwa.

Jumanne, 10 Septemba

Nimejiwekea sharti. Elof akija kuuliza tena, namtolea hapo hapo, Roland apende asipende. Sheria ni sheria. Akija tu.

Jumatano, 11 Septemba

Hakuja.

Jumatatu, 16 Septemba

Hakuja. Kengele ililia mara tatu: mwenye kibali cha ghala, mwandishi wa gazeti anayetaka barua pepe za Roland za Agosti, na posta.

Jumanne, 24 Septemba

Baridi ya kwanza ya kuganda. Maua ya kizingitini yamekufa. Nimeosha madirisha yote ya nyumba na mikono imekufa ganzi, na bado sikuweza kukaa kitini. Kutoka dirisha la jikoni namwona Elof anavyotoka na kuingia. Kila akivaa kofia nafikiri anakuja kwetu kaunta. Anakwenda kwenye sanduku la barua.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nilimkamata Roland kwenye ngazi.

"Umefikiria?"

"Bado nafikiria."

"Wiki tatu na nusu."

"Ni jambo la kufikiria, Majken."

Wino wa printa ukiagizwa unafika kwa siku mbili. Fikra za Roland zinakuja kwa miguu.

Jumapili, 6 Oktoba

Kaseti ilikwama katikati ya wimbo wa pili. Tulisimama kimya, vinywa wazi. Vivan alitoka nje.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilimwona Elof anapanga kuni ukutani, nikavuka barabara. Sikuwa nimeamua kitu. Miguu tu ilikuwa imechoka kuzunguka jikoni. Nikaanza kumpa vipande, yeye anapanga.

"Mwaka huu umepasua mapema, jirani."

"Sina kazi nyingine."

"Rikard atakuja Krismasi?"

Alipanga vipande vitatu kabla ya kujibu. "Haji."

"Kazi?"

"Hapana. Nilimpigia Jumapili. Nikamwambia, mwanangu, nimetafuta kila mahali, hakuna karatasi. Aliyekuwa na uwezo wa kujua ameniambia mara nne hakuna. Basi labda ni wewe. Labda kweli wewe na magogo yako." Alishika kipande cha kuni akakitazama. "Alikata simu. Mimi baba yake nimemwambia hivyo, Majken. Mji mzima walisema, akavumilia. Nilipokuwa sijasema mimi alikuwa ananipigia kila Jumapili."

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Kilichotoka ni "Pole, Elof."

"Umefanya kazi yako," akasema.

Nimekaa hapa na daftari, nasikia aibu mpaka masikioni. Lile sharti langu, akija tu, lilikuwa uoga uliovaa nguo za sheria. Nilimfungia mlango kwa kusema hakuna, kisha nikakaa ndani kusubiri abishe.

Jumatatu, 14 Oktoba

Wazo la kwanza lilikuwa kuitia barua kwenye mkoba na kumpelekea. Nimelikataa. Karatasi ya penseli ikitoka kwenye mkoba wa jirani, nani ataiamini? Watasema Elof kaiandika mwenyewe, na Roland hatalazimika kusema chochote. Inatakiwa itoke kwa kupitia kaunta, na namba na mhuri, iwe kitu ambacho hakuna mtu anaweza kukirudisha kwenye faili la nyama.

Lakini kama mtumishi nimekatazwa kuitoa.

Kama mtumishi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimefanya.

Saa mbili asubuhi nilifungua rejista nikaisajili. *Namba 418. Kutoka: Evert Ström, fundi. Kuhusu: nguzo zilizooza, Daraja la Kinu. Imepokelewa 5 Septemba mwaka jana. Imesajiliwa leo. Sababu ya kuchelewa: msajili aliiweka kwenye faili la oda za nyama bila kuisoma.* Nikagonga mhuri, nikaweka saini, nikaitia barua kwenye sanduku la barua zilizosajiliwa. Maelezo hayo sasa yanasomwa na yeyote atakaye, na watasoma, mji huu wataambizana mpaka wachoke.

Saa sita nikajaza fomu ya likizo ya nusu siku. Nikavaa koti, nikatoka kwa mlango wa wafanyakazi, nikazunguka jengo kwenye upepo, nikaingia kwa mlango wa mbele. Nikagonga kengele ya kaunta. Miaka ishirini na tisa sijawahi kuigonga. Ina sauti ya kuudhi kweli.

Nesrin akatoka. Akaniona. Akatazama nyuma yake, kwenye kiti changu kitupu, akanitazama tena.

"Habari za mchana," nikasema. "Naomba kuona karatasi iliyopokelewa tarehe 5 Septemba mwaka jana kuhusu Daraja la Kinu."

Niliona swali limemfika mdomoni. Niliona na Roland anavyompita akilini, na kwamba bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Nilitaka kumwambia aache, nilikuwa namtia mwenzangu motoni. Kisha akanyoosha mgongo, vilevile nilivyomfundisha.

"Utasomea hapa, bibi, au unataka nakala?"

"Nakala."

Alikwenda, akarudi. Akagonga mhuri, akanisogezea nakala. Kwenye rejista, safu ya mwombaji, nilimwona anaandika *mtu*.

Sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwa Elof, nikabisha mlango. Alikuwa na viazi kwenye jiko, dirisha limejaa mvuke. Nikampa. Akaisoma pale pale kizingitini, midomo inacheza.

"Evert," akasema. "Evert alijua."

"Alijua."

"Ilikuwa wapi?"

Ningeweza kumwonyesha ile sababu ya kuchelewa, asome mwenyewe. Lakini nilimwambia kwa mdomo wangu, yote: simu, kicheko, uzi wa katani, faili la kijani. Halafu nikamwambia na lililo baya zaidi, kwamba niliipata tangu Septemba, na siku ile ya kuni nilikuwa nayo.

"Siku ile ya kuni," akasema.

"Ndiyo."

"Nimekwambia nilichomwambia mwanangu. Ukanipa kuni."

"Ndiyo, Elof."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifunga mlango taratibu sana, na nikasikia viazi vinafurika jikoni na hakuna anayekwenda kuvitoa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Roland alikuwa wa rangi ya jivu. "Nani ameomba ile barua?"

"Mtu," Nesrin akajibu.

"Mtu gani?"

"Hairuhusiwi kuuliza, bosi. Nimefundishwa hivyo."

Akanigeukia. Nikamwambia kwamba kusajili nimesajili mimi, saini ni yangu, na kama anataka kunipokonya saa ya ukutani aichukue. Akakaa kwenye kiti cha wageni. Akasema, "Itabidi niwaandikie wakaguzi wa mkoa." Nikamwambia ndiyo, itabidi, na kwamba barua hiyo nitaisajili siku hiyo hiyo.

Jumapili, 20 Oktoba

Vivan alikuwa ameshasikia. Nilimfuata benchi la nyuma baada ya ibada.

"Uliiweka kwenye faili kwa mkono upi?" akaniuliza.

"Wa kulia."

Akautazama mkono wangu kitambo. Kisha akainuka akaenda zake. Sijui kama atanisemesha tena. Simlaumu.

Jumanne, 5 Novemba

Theluji ya kwanza, imefika magotini. Miaka yote hii, theluji ikianguka, kabla sijaamka trekta la Elof limeshapita kwangu. Leo amezoa yake na ya jirani wa chini. Kwangu ameinua koleo la trekta, akapita, akalishusha mbele.

Jumatano, 6 Novemba

Nimenunua koleo. Mgongo!

Jumatatu, 18 Novemba

Tangazo jipya la halmashauri limetoka. Taarifa ilipokelewa, halmashauri inasikitika. Jina la Rikard halimo, kwa sababu rasmi halikuwahi kuwemo. Lilikuwa kwenye vioo vya magari na kwenye kahawa ya saa tatu. Leo kwenye kahawa wamezungumza habari za matairi ya baridi.

Jumatatu, 2 Desemba

Taa za Majilio zimewashwa kwenye madirisha yote ya mji. Saa tatu na dakika tano kengele ikalia. Nesrin akainuka, akachungulia mlangoni, akakaa.

"Ni wako, dada."

Elof, kofia mkononi. Hatujazungumza tangu siku ya viazi.

"Habari za asubuhi," nikasema.

"Naomba nakala za karatasi namba 418. Sita."

"Sawa."

"Jina langu ni Elof Sundin."

Kalamu ilisimama. Nesrin akachungulia kutoka nyuma. "Si lazima kutaja jina, mzee."

"Najua si lazima, mama. Mara zote nne nilizokuja sikulitaja, na nilifurahi kwamba sikulazimika. Leo nataka liandikwe. Elof Sundin, baba yake Rikard. Moja ni ya ubao wa duka la ushirika, moja ya ukumbi wa michezo, moja ya banda la wawindaji, moja ya kanisa. Moja naitia fremu. Na moja inakwenda Norwe, na barua ya kuomba radhi, na hiyo radhi nimeandika mara tisa na bado haijakaa vizuri."

Nikaandika. Kwenye safu ambayo nimejaza "mtu" kwa miaka ishirini na tisa, niliandika jina lake lote, na la mwanawe, na ubao, na banda, na fremu. Halikutosha kwenye safu, nikaendelea pembeni. Nilikuwa nalia na sikujificha.

Nilimpa nakala sita, nimezigonga mhuri moja moja. Akazihesabu, akazitia ndani ya koti. Alifika mlangoni, akageuka.

"Theluji yako utaendelea kuizoa mwenyewe."

"Naelewa, Elof."

"Rikard akija Krismasi, ataamua yeye kama nikupitie na trekta."

"Anakuja?"

"Jana ilikuwa Jumapili," akasema. "Simu ililia."

Akavaa kofia akatoka. Nilipofika nyumbani theluji nyingine ilikuwa imeanguka, nikashika koleo. Kwenye chumba cha juu cha nyumba ya Elof, alimolala Rikard, ambacho hakijawashwa taa tangu Juni, mtu alikuwa amefungua dirisha na kutandaza godoro lipigwe na hewa.